Jina la Zefania Mbonde

Nina kisa ambacho jibu lake sina. Nisikilizeni, kisha mnisaidie.

Katika masjala ya viwanja ya Kilingeni walifanya kazi watu watatu. Restituta Ngaiza alikuwa na jicho lisilopitwa na kitu. Hamdani Shekilindi alikuwa na mkono mwepesi. Yusto Kapufi alikuwa na shaka: hakuamini chochote ambacho hakukihifadhi mwenyewe.

Mkuu wao, Zefania Mbonde, alikuwa amefariki. Hata hivyo, kila siku saa saba mchana kompyuta ilinakili kumbukumbu zote yenyewe kwa jina lake, jina lenye mamlaka ya kufungua, kuandika na kufuta kila kitu. Neno lake la siri lilikuwa limeandikwa wazi ndani ya maagizo ya kunakili. Lakini walikubaliana kwamba jina la marehemu lisiondolewe kabla ya arobaini.

Siku ya thelathini na saba, Restituta alikuwa akila mezani kwake. Kiti cha Zefania kilikuwa kitupu. Hakuna aliyegusa kompyuta yake, ila kwenye kioo maandishi yalipanda: Zefania Mbonde anafuta. Zefania Mbonde anafuta.

"Jamani, marehemu anafuta mafaili!"

"Labda anadai ubwabwa wa arobaini," Hamdani akacheka.

"Shekilindi, njoo uone!"

Alipoona, kicheko kilimkauka. Nakala zote za akiba zilikuwa zimekwisha kufutwa. Sasa zilikuwa zikifutwa kumbukumbu zenyewe. Hakuomba ruhusa. Aling'oa waya wa mtandao ukutani, na maandishi yakasimama. Baadaye ilijulikana kuwa mwizi wa mbali alikuwa amelipata lile neno la siri.

Saa nane mchana huo mjane mmoja, Bi. Tausi Mwinjuma, alitakiwa kufika kwenye baraza la ardhi na hati zake mbili, ama nyumba yake ibomolewe. Hati ya marehemu mumewe ilikuwa imefutwa. Ile ya kumrithisha yeye, iliyoandikwa Jumatatu ya wiki hiyo, ilinusurika kwa sababu waya uling'olewa.

Kapufi akafungua kabati, akatoa diski. Kila Ijumaa alinakili kumbukumbu kwa jina dogo lenye ruhusa ya kusoma tu, kisha akaichomoa diski na kuifungia. Wenzake walimwita Mzee Kabati. Hati ya mume ilikuwamo. Ya Jumatatu haikuwamo. Zikawekwa pamoja, na nyumba ikapona.

Mkurugenzi, Bwana Anselm Kihwele, akasema aliyeiokoa nyumba ile ndiye atakayekalia kiti cha Zefania.

"Nisingeona, mngekuta kompyuta tupu," alisema Restituta.

"Ungeona, ukabaki kupiga kelele, dada," alisema Hamdani. "Waya niling'oa mimi."

"Na huo mkono wako ungerudisha kilichokwisha kufutwa?" akauliza Kapufi.

Bwana Kihwele ameshika kalamu. Fomu ya uteuzi ina mstari mmoja tu. Nanyi mnaosikiliza, mngeandika jina la nani?