Kikapu Kisicho na Mkono wa Pili

Ngano naitupa!
— Itupe, tuidake!
Isianguke!
— Haianguki, mikono tunayo!

Hapo kale, tena si kale sana, mwaka wa elfu moja mia tisa themanini na sita, kiangazi kikali, vumbi jekundu likiingia hata ndani ya masanduku, palikuwa na timu ya mpira wa kikapu iitwayo Kisimani. Wachezaji wake walikuwa watano, na kucheza ndiko kulikowalisha. Mrefu wao aliitwa Mwandu; ukimtazama usoni, kofia yako huanguka. Mfupi wao, mgawaji wa pasi, aliitwa Sayi.

Kisimani walikuwa na desturi yao. Afungaye kikapu hakurudi kukaba kabla hajagonga kiganja cha aliyempa pasi. Kwa hiyo kila kikapu kilikuwa na wenyewe wawili. Mpira ulipita huku, ukapita kule, ukapita katikati; wapinzani wakawa kama kuku waliomwagiwa mtama pande zote. Mkono mmoja haulei mwana, wala haulei timu.

Lakini watazamaji waliimba jina moja tu: "Mwandu! Mwandu! Mwandu!" Naye akaanza kutamani kikapu kilicho chake peke yake.

Mechi ya kwanza, Sayi alimpa pasi, akafunga. Sayi akanyoosha kiganja, Mwandu akapita. Mechi ya pili, Sayi akanyoosha kiganja; Mwandu akapita. Mechi ya tatu, mwasemaje, jamaa?
— Akapita!
Akapita.

"Kaka Mwandu," Sayi akamwambia, "kiganja changu kimebaki hewani kama shati lililoanikwa."

"Basi kianue!" Mwandu akacheka. "Kwani anayefunga ni nani, we kibeti?"

"Wataka kikapu cha peke yako?"

"Ndicho ninachokiota."

"Utakipata, kaka."

Fainali ikafika. Kisimani walikuwa nyuma kwa pointi moja, na kipenga cha mwisho kilikaribia. Sayi alikuwa na mpira. "Lete! Lete! Lete!" Mwandu akapaza sauti.

Sayi hakumpasia. Aliinama, akauweka mpira sakafuni mbele ya miguu yake, taratibu, kama mtu atuaye mtungi. Kisha akajitenga. Wale watatu nao wakajitenga.

Mwandu akauokota. Wakabaji watatu wakamvamia. Akaruka juu yao, akafunga. Kisimani mabingwa!

Uwanja ukalipuka. Mwandu akageuka, furaha imemjaa hadi kooni, haina pa kumwagikia. Akamnyooshea Sayi kiganja.

Sayi akakitazama. "Sikukupa pasi, kaka. Mpira umeuokota. Kwa desturi yetu, kikapu hicho hakina mwenyewe wa pili. Ni chako."

Mwandu akamgeukia mwingine. "Ni chako." Na mwingine. "Ni chako." Na wa mwisho: mikono nyuma.

Msimu uliofuata wale wanne walihamia timu nyingine, wakaondoka na desturi yao. Mwandu alibaki, akaimbwa, akazeeka. Siku hizi, jua likipunguza ukali, huenda kwenye uwanja ule mtupu. Hutupa mpira ukutani, ukuta humrudishia. Hufunga. Kisha husimama, kiganja wazi, akisikiliza kama kuna hatua zinazokuja.

"Sayi," huita. "Gonga, ndugu yangu."

Upepo hupita.

Ngano imenitoka mkononi. Aliyeidaka ampasie jirani yake.
— Tumeidaka, tunapasiana!

Na mkiniuliza kikapu kile kiligharimu nini, hesabu yake ni fupi: wenzake wanne.