Mchelewa Wachanua

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wakiamkiana kila asubuhi, mvua iligoma kabisa. Kisima cha bondeni kikabaki tope na maji ya kulowesha ulimi tu. Maua yote ya masika yalishapukutika. Kando ya kisima kilisalia kichaka kimoja, jina lake Mchelewa, chenye majani tele na vitumba vilivyofumba.

Fisi akamwendea Simba, kichwa kakiinamisha.

"Shikamoo, Mfalme. Nimemjua anayetumalizia maji. Ni Mchelewa! Mizizi yake inafyonza kisima kizima, na hatoi hata ua moja. Niruhusu nimng'oe."

"Mng'oe," alisema Simba, hata kope hakuinua.

Sungura alikuwa karibu, akisikia yote. Tangu lini Fisi akawa na uchungu na maji ya wenziwe? Akamtazama vizuri, akaona udenda unamchuruzika. Hapo akaelewa. Chini ya kichaka kile aliishi Kwale, jirani yake Sungura, na vifaranga tisa waliokuwa na siku tatu tu duniani.

Kumwambia Simba kwamba amekosea? Nani angethubutu? Akajikohoza.

"Mfalme, amri yako ni amri. Ila itakuwa aibu ua lako ling'olewe kabla hujaliona."

"Ua langu?" Simba akafumbua macho yote mawili.

"Ndiyo, Mfalme. Mchelewa huchanua wenzake wakishakauka, na rangi yake ni ile ile ya manyoya ya shingo yako. Mpe siku saba tu."

Simba akayatikisa manyoya yake taratibu. "Siku saba," alisema. "Fisi, ngoja."

Kusema kweli, siku hizo saba Sungura alizitaja kwa kubahatisha. Alipotoka pale alikwenda mbio kwa Mama Nyuki.

"Mama, Mchelewa atachanua lini?"

"Vitumba vimeanza kunukia," alijibu Mama Nyuki. "Siku tano, labda kumi. Na omba iwe mapema, mwanangu. Tukilikosa ua hili, mzinga wetu hauifikii mvua ijayo."

Sungura hakula vizuri tena. Kila alfajiri alikwenda kutazama vitumba. Alimkuta ndege chozi amejiinamia tawini kwa njaa, na vipepeo wawili wamekunja mabawa. Wote walikuwa wakingoja kama yeye.

Siku ya sita, jua lilipochomoza, kitumba cha kwanza kilipasuka. Kufikia adhuhuri kichaka kizima kilikuwa cha dhahabu, kinavuma kwa nyuki mpaka majani yanatetemeka. Sungura alicheza peke yake kama mwendawazimu, kisha akakimbia kumwamsha Simba.

Lakini Fisi naye alishachoka kungoja. Alinyata kwa nyuma, hata maua hakuyatazama, akalichomeka domo lake moja kwa moja kichakani.

"Njooni, vifaranga wangu," alinong'ona. "Njooni kwa mjomba."

"Mwizi!" Kwale alipiga ukelele.

Nyuki wakamshukia. Fisi alibweka, akaruka, akajitumbukiza kisimani, na alipoinua kichwa akakutana ana kwa ana na Simba. Domo la Fisi lilikuwa limevimba kama boga.

"Ulifuata nini kichakani?" aliuliza Simba.

"Mizizi, Mfalme."

"Mizizi gani inaitwa vifaranga?" aliuliza Kwale, wanawe wakiwa wamejificha chini ya mabawa yake.

Simba alinguruma. "Kumbe ulinitumia mimi, Fisi, kujipatia chakula chako! Haya, ulitaka kuchimba. Chimba kisima hicho mpaka tope liishe."

Fisi alichimba siku tatu mchana kutwa, akilia kwa maumivu ya domo, hadi maji safi yakabubujika. Wanyama wakanywa mmoja baada ya mwingine, na vifaranga tisa wakanywa wa kwanza. Juu yao yule ndege chozi alipita kutoka ua hadi ua, amenenepa kidogo, akiimba kama mwenye harusi.