Msichana Aliyedaka Mpira wa Wavu

Kulikuwa na msichana mmoja, hodari wa netiboli. Mpira wowote uliorushwa kwake aliudaka, na akishaudaka hautoki. Akahamia shule ambako wasichana wanacheza mpira wa wavu. Siku ya kwanza mpira ukavuka wavu, naye akaudaka vizuri kabisa. Wenzake wakaangua kicheko.

"We dada, huo si mtoto wa kunyonyesha! Uachie!"

Mwalimu wa michezo hakucheka. "Huku tunagusa tu, mwanangu. Hatushiki."

"Sasa nikigusa tu, mwalimu, si utaanguka?"

"Utakwenda kwa mwenzako."

Jambo hilo lilimshangaza. Akakaa pembeni kuchunguza. Aliona anayeanzisha akiupiga kwa kiganja kutoka nyuma ya mstari. Anayepokea huunganisha mikono, mpira ukadunda kati ya kiwiko na kiganja. Mwingine huuinua kwa ncha za vidole, taratibu, kama anayempandisha kifaranga juu ya ukuta. Mpigaji huruka na kuushindilia. Wa ng'ambo ya wavu nao huruka, viganja juu, kuuzuia. Kila mguso una namna yake, na hakuna unaodumu. Akajiuliza: basi mpira huu ni wa nani hasa? Ninyi mnaonaje? Ni wa nani?

Alijifunza yote, hata akapewa kazi ya kuinua. Ikaja mechi ya kuamua nani aende wilayani. Timu zikalingana muda mrefu, kisha wapinzani wakatangulia, ikabaki pointi moja tu washinde. Mwenzake akapokea vibaya kidogo, mpira ukamjia ukiyumba.

"Inua! Inua!"

Kapteni wao, mpigaji, alikuwa ameshapaa, mkono nyuma. Msichana akaogopa. Nikiugusa vibaya je? Je, ukienda nje? Vidole vikajifunga vyenyewe. Akaudaka.

Mpira ulikuwa salama, hata vumbi haukugusa. Filimbi ikalia. Mechi ikawa imekwisha, wamefungwa.

"Lakini sikuuangusha," alisema huku machozi yakimlenga.

"Hukuuangusha, mdogo wangu," kapteni akajibu, akijifuta magoti. "Ila mimi nilikuwa nimesharuka."

Ndugu zangu, na sisi hatujaangusha kitu. Neno la kumfariji mfiwa tunalo. Tunalitunza, tunaogopa kulikosea. Msamaha tumeshautoa moyoni, ila mdomoni haujafika. Tukiulizwa, tunasema hatujamdhuru mtu, na ni kweli.

Lakini hebu jiulize, wewe uliyekaa hapo: ni nani aliyeruka kwa kukutegemea? Labda ni mama yako. Labda ni mtoto aliyekuonyesha daftari lake jana, akakutazama usoni. Mungu alikupa kitu cha mtu huyo ukiguse tu, kimfikie. Utakigusa vibaya? Huenda. Kiguse hivyo hivyo, leo, kwa maana hakuna binadamu anayeweza kukaa hewani akingoja.