Harusi Isiyo na Vigelegele

Paukwa!

—Pakawa!

Palipikwa pilau!

—Tukanawa!

Na aliyesusa?

—Shauri yake!

Haya, sogeeni. Na wewe wa nyuma funga hiyo miayo, usije ukaimeza ngano yangu.

Hapo kale wanyama walichimba kisima, wote pamoja. Kobe alichimba. Kanga alichimba. Kindi alichimba mpaka kucha zikamwisha. Fisi je? Fisi alilala! Maji yalipotoka ndipo akaamka, akaenda kujibwaga penye mdomo wa kisima.

"Anayetaka maji alete mfupa!"

Lo! Kindi, mla kokwa, mfupa ataupata wapi? Wanawe wakawa wanaramba umande kwenye majani, ndimi zimekauka, na mama mtu moyo unamwuma.

Wanyama wakakutana. "Tumsusie!" akasema Kobe. "Karamu zake tusile, mlango wake tusikanyage."

Naam, wakasusa. Fisi akafanya karamu ya tohara ya mwanawe, hakwenda mtu. Akala peke yake, kacha-kacha, akacheua, beee! Akafanya hitima ya bibi yake, hakwenda mtu. Kacha-kacha, beee! Tumbo likawambika kama ngoma mpya, naye akawa anawaimbia majirani dirishani: "Susa susa, wenzenu twala!"

Kindi alikuwa juu ya tawi, anaona yote. Akashuka mbio, taka-taka-taka.

"Mzee Kobe, sisi tunamsusia au tunamnenepesha?"

"Kususa ni heshima, Bi Kindi," Kobe akajibu, shingo juu.

"Heshima inanyweka?"

Kobe akarudisha kichwa ndani.

Hazikupita siku nyingi, binti Fisi akaposwa ng'ambo ya mto. Na desturi ya huko ilikuwa hivi: bibi harusi hatoki ndani mpaka majirani wapige vigelegele. Wasipopiga, wakwe husema, "Nyumba hii haina watu," wakarudi zao. Kindi alipozipata habari hizo akacheka peke yake.

"Safari hii twendeni," akawaambia wenzake. "Twendeni, na tule. Tule kwelikweli! Ila kigelegele kisimtoke mtu mpaka mnisikie mimi."

Fisi alipowaona wanaingia alijichekea. "Karibuni, karibuni! Nilijua njaa itawaleta."

"Tumeshindwa, baba," Kindi akasema kwa unyenyekevu, huku anajaza shavu la kulia. Akajaza na la kushoto. Kanga akajaza. Kobe naye, mzee wa heshima, akajaza kuliko wote.

Mara wakwe hao! Ndu-ndu-ndu, ngoma mlangoni. Wakasimama, wakatega sikio. Jii!

"Pigeni vigelegele!" Fisi akanong'ona.

Kindi akaonyesha mashavu. "Mm-mm."

"Bi Kanga!"

"Mm-mm."

"Mzee Kobe!"

"Mm-mm."

Mama wa bwana harusi akajifunga leso kiunoni. "Tumekuja kuoa hapa, au kuzika?"

Jasho likamtoka Fisi. Akajaribu mwenyewe: "Uuu-hi-hi-hi-hi!"

"Ati anatucheka!" wakwe wakasema, wakageuka waende zao.

Ndani, bibi harusi akaanza kulia, kwi-kwi-kwi. Kindi akamsikia. Mtoto wa watu, kakosa nini? Yeye kisima hakukikalia. Kindi aliona aibu, wallahi, ulimi ukataka kucheza wenyewe. Akakumbuka ndimi za wanawe. Akaubana.

"Chukueni kisima chenu!" Fisi akalia.

Kindi akaweka mkono sikioni, kana kwamba hajasikia vizuri.

"Kisima ni cha wote! Bila mfupa! Wakwe zangu mashahidi!"

Gudu! Kindi akameza. "Lililililili!" Gudu! Gudu! Wenzake nao wakameza. "Lililililili!" Wakwe wakageuka tena, na ngoma ikaanza upya.

Bibi harusi akatoka, macho mekundu. Alipofika kwa Kindi akasimama. "Bi Kindi, kigelegele chako nimekisikia. Na ule ukimya wako pia nimeusikia."

"Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa na mdomo mmoja tu."

Bibi harusi akamtazama, akamtazama. Kisha akasema, "Nenda kawape wanao maji."

Kindi hakungoja kuambiwa tena. Jioni ile wanawe walikunywa mpaka matumbo yakawalia bwaku-bwaku.

Nami hapo ndipo ngano iliponikausha koo, nipeni kata ninywe. Ati funzo? Funzo lipo, nanyi mlishike vizuri: watoto wenye adabu hawasusi chakula cha watu. Na chakula kikiwa mdomoni, hawasemi neno.