Hotuba ya Kiboko Juu ya Ukarimu

— Masikio!
— Yapo!
— Midomo!
— Tumeifunga!
— Uongo upite?
— Upite, mlango wazi!

Basi hapo kale, mwaka ambao mvua ilisahau njia, mito ilikauka. Kauka, kauka, kauka! Likabaki dimbwi moja tu chini ya kilima, na ndani yake alilala Kiboko. Alilala kwa urefu, akalala kwa upana, akalijaza.

"Maji yangu," alisema Kiboko. "Tope langu. Na mapovu pia ni yangu."

Swala akija, Kiboko anafungua kinywa: mbuaaa! Swala mbio. Punda Milia akija: mbuaaa! Punda Milia mbio. Hata Tembo alikuja na adabu zake zote, akapigwa mbuaaa, akarudi akijipepea masikio kwa aibu. Mtaniuliza, kwa nini hawakungoja atoke kwenda malishoni? Hakutoka! Alikula majani ya ukingoni, makalio yakiwa majini. Mchoyo yule alikuwa na akili zake.

Juu ya kilima, kwenye miamba, aliishi Pimbi, mnyama mdogo wa kuenea kapuni, na wanawe wawili. Mkubwa alilia kiu mchana kutwa. Mdogo alikuwa ameacha kulia tangu juzi, na hilo ndilo lililomtisha mama yake. Kila alfajiri Pimbi alilamba umande kwenye mawe na kuwatemea wanawe vinywani, lakini sasa hata umande ulikuwa haba. Akaogopa. Akaona uchungu. Kisha akaona hasira. Na Pimbi akikasirika hapigi kelele, huketi juani akawaza.

Akawaza hivi: Kiboko ana nguvu, ana meno, ana maji. Hana nini? Hana heshima. Akakumbuka harusi ya Punda Milia, siku Kiboko alipoombwa aseme mawili matatu. Kiboko alisimama, akatokwa na jasho, akasema, "Mimi... eee... mimi... nimeshiba." Kisha akaketi juu ya zawadi za bibi harusi. Tumbili alikuwa akimwigiza mpaka siku ile.

Pimbi akashuka kilima, akasimama mbali kidogo na yale meno.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Maji hakuna."

"Maji sitaki, mjomba. Nimekuja kwa ajili ya mdomo wako. Mdomo mkubwa namna hiyo, na hakuna anayeusikiliza! Roho inaniuma. Nikufundishe kuhutubia?"

Kiboko akazama, akaibuka, akapuliza: pfuuu! "Watanicheka."

"Hawatakucheka."

"Tumbili atanicheka."

"Tumbili atalia machozi."

Katika dunia nzima, hakuna kitu Kiboko alichotamani kama kumwona Tumbili analia. "Unataka malipo gani?" akauliza kwa wasiwasi.

"Sitaki kitu."

"Hata tone?"

"Hata tone."

"Basi anza sasa hivi," alisema Kiboko, maana cha bure hakukiacha kimpite.

Pimbi akaanza. "Sauti, mjomba, itoe tumboni, si puani."

"Ndugu zanguuu!" Majani yakatikisika.

"Hewaa! Tena ukipata neno zuri, lirudie. Lirudie mpaka walipende. Na usiwatazame machoni, utatetemeka. Tazama kule mbali, ule mlima wa buluu. Nyuma usigeuke kabisa. Msemaji anayegeuka nyuma, watu humdhania mwizi."

"Na wakiniondokea?"

"Ukiona wanaondoka mmoja mmoja, furahi. Maneno yamewachoma, wanakwenda pembeni kutafakari."

Kiboko akalipenda somo hilo kuliko yote. "Sasa niseme juu ya nini?"

"Ukarimu."

"Mimi?"

"Mjomba, wasemaji wakubwa husema juu ya kitu wasichokuwa nacho. Ndiyo maana maneno hayawaishii."

"Haya. Nitasemea hapa hapa majini."

"Ala! Nani atamheshimu msemaji anayeonekana matundu ya pua tu? Utapanda kichuguu kile cha juu ya kilima, kama wote waliokutangulia."

Sasa nchi ile ilikuwa na desturi yake. Aliyepanda kichuguu hashuki mpaka wasikilizaji wote waitikie kwa pamoja, "Tumesikia!" Akishuka kabla, hatapewa nafasi ya kusema tena maisha yake yote. Na alilolitamka juu ya kichuguu halirudishwi, limeshakuwa sheria. Kiboko aliijua desturi hiyo vizuri. Ila alikuwa ameshaanza kusikia makofi kichwani mwake, akaisahau.

Jioni ile Pimbi akapita kwa kila mnyama akinong'ona. Kwa Swala, nong'o nong'o. Kwa Tembo, nong'o nong'o. Kwa Tumbili alinong'ona kwa muda mrefu zaidi, akamwomba awabebe wanawe.

Kesho yake asubuhi Kiboko akapanda kilima: du, du, du, akasimama juu ya kichuguu. Dimbwi likabaki nyuma yake, chini kule. Mbele yake walijipanga wanyama, ndimi nje. Pimbi akakaa miguuni pake, mahali ambapo Kiboko angemwona.

"Ndugu zanguuu!" Wote wakashtuka. Hakuna aliyecheka. "Ndugu zangu, kilicho changu ni chenu!"

"Rudia!" wakapiga kelele.

"Kilicho changu ni chenu!"

Tembo akaondoka kwa heshima, akazunguka kilima, na mara ikasikika: gu-gu-gu-gu-gu.

"Sauti gani hiyo?" Kiboko akanong'ona.

"Tembo anameza machozi, mjomba. Endelea."

Kiboko akaendelea. Swala akaondoka: lapu, lapu, lapu. Punda Milia akaondoka: fyoo, fyoo, fyoo. Tumbili akaondoka na vitoto viwili mgongoni, na Pimbi akavitazama mpaka vikapotea nyuma ya mawe. Koo lake lilikuwa kavu na miguu ilitaka kukimbia, lakini hakuondoka. Angeondoka yeye, Kiboko angegeuka.

"Kilicho changu ni chenu!"

Jua likapanda. Ngozi ya Kiboko ikaanza kukaza: ka, ka, ka. Wanyama walikwishanywa, wakarudi kukaa, midomo wameifuta. Wote, isipokuwa Kobe, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anateremka. Na bila Kobe, "wote" haijatimia.

"Mbona hawaitikii?" Kiboko akauliza. "Nimemaliza maneno."

"Bado wanakutaka, mjomba."

"Naungua!" Shingo yake ikaanza kugeuka, taratibu, kuelekea dimbwini. Pimbi akaruka mbele yake.

"Mjomba! Waambie unavyoungua! Hapo ndipo msemaji hupimwa!"

Kiboko akamtazama. Akautazama umati. Akasahau mlima wa buluu, akasahau tumbo na pua, akasema kwa sauti ndogo: "Ndugu zangu, kiu ni mbaya. Ulimi unakuwa kama si wako. Unayaona maji kwa fikra, na huwezi kuyafikia. Sikujua. Wallahi sikujua."

Wanyama wakainamisha vichwa, maana alisema kweli tupu. Na Tumbili, aliyekuja kucheka, machozi yakamtoka.

Kobe akatokea, kidevu kinadondosha maji.

"TUMESIKIA!" wakaitikia wote.

Kiboko akaporomoka kilima: du-du-du-du-du! Akajitupa dimbwini: pwata! Tope lile, maji hayafiki hata kwenye visigino.

"Maji yangu!"

"Yetu, mjomba," alisema Tembo. "Umetugawia mwenyewe, juu ya kichuguu, mara kumi na moja. Kuanzia leo tunachimba pamoja na kunywa kwa zamu. Zamu yako iko baada ya Kobe."

Kiboko akamgeukia Pimbi, aliyekuwa ndiyo kwanza anainama kunywa. "Umenidanganya!"

"Wapi, mjomba? Nilisema hawatakucheka, hawakukucheka. Nilisema Tumbili atalia, amelia. Na malipo sijakudai."

Kiboko akafungua kinywa apige ile mbuaaa yake, lakini nyuma ya mawe kitoto kidogo cha Pimbi kikaanza kulia, kwa nguvu zote, kikitaka kunyonya. Kiboko akafumba kinywa, na Pimbi akaacha hata kunywa, akakikimbilia. Katika hotuba zote alizosikia maishani, hiyo ndiyo iliyompendeza.

Uongo wangu umechoka, naulaza hapa. Mkiuamsha, muulee wenyewe.

Funzo lake, maana najua mnapenda funzo: igeni ukarimu wa Kiboko, aliyewapa wenzake maji yake yote bila kulazimishwa na mtu. Na asiyeamini amuulize mwenyewe. Siku hizi huhutubia jambo hilo kila harusi, hakosi, na mpishi huwa anamngoja apande kichuguu ndipo apakue.