Shingo ya Minza na Jina la Mtoto

Hapo zamani, na nimechoka hata kuisimulia, Minza alikuwa mjamzito, akirudi na mkokoteni wa ng'ombe kutoka kuuza pamba. Lori likaugonga mkokoteni kwa nyuma. Kichwa chake kikarushwa mbele, kikarudi nyuma. Hakutoka damu. Kesho yake shingo ikakataa kugeuka.

"Nitamnyonyesha mwanangu nikitazama ukuta?" alilia. "Atakayeniponya, mtoto atabeba jina lake."

Milembe, mama mkwe wake, akamfunga shingo kwa kanga mbili, akamlaza. "Mwenye mimba hatikiswi," alisema. Siku zikapita, shingo ikazidi kukakamaa. Minza hakulala, na nyumba nzima haikulala.

Akaitwa Kabula, muuguzi wa zahanati. Akampapasa, akampima nguvu za mikono. "Mfupa mzima. Nyama ndizo zilizoumia. Fungueni hizo kanga. Na wewe geuza kichwa kidogo kidogo, kila siku, hata kama kinauma." Akamwachia vidonge vinavyomfaa mjamzito, akaenda zake. Wagonjwa wake ni wengi, hakurudi.

Minza akageuza mara moja, akapiga yowe, akaacha.

Milembe akaona haya kwa zile kanga. Tangu hapo kila jioni akamkanda kwa kitambaa cha maji ya moto, taratibu, mpaka mkwewe akasinzia. Usingizi ukaja, lakini kugeuka, hataki!

Ndipo wifi yake, Nkwimba, akawa anaketi mbele yake kila kukicha. "Geuka nami, wifi." Kulia wote, kushoto wote. Akatukanwa. Akarushiwa kata ya maji. Kesho yake akarudi tena, mpaka shingo ikalegea. Mimi ningeshakata tamaa.

Minza akajifungua binti. Akainamisha kichwa, akamwona akinyonya, machozi yakamtoka.

Siku ya kumpa mtoto jina, wakaja wote watatu.

Milembe akasema, "Bila mikono yangu asingelala, na asiyelala hana nguvu ya kugeuka."

Kabula akasema, "Bila neno langu angekuwa bado kwenye kanga zako, mama."

Nkwimba akasema, "Neno lako ulilisema mara moja, dada. Mimi nililirudia mpaka nikachukiwa."

Minza akawatazama mmoja mmoja. Mtoto ni mmoja, na jina ni moja. Msinitazame mimi, nimechoka. Semeni ninyi: je, nani alistahili?