Nguchiro Akosa Jina

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo anaguna? Wewe mwenye shati la kijani, ulikuwepo? Hukuwepo. Basi funga mdomo ufungue masikio. Uongo wa redioni unaumeza mzimamzima, wangu wa kweli ndio unakukwama kooni?

Hapo zamani za kale, Kanga alitaga mayai saba. Kila asubuhi alikwenda kuchakura chakula, akamwachia jirani yake Nguchiro ayalinde. Nguchiro akala manne. Fyo! Fyo! Fyo! Fyo! Mahali pake akaweka kokoto nne. Kanga akarudi, akaatamia. Siku ya kwanza, siku ya pili. Siku ya tatu akajigeuza, akasikia ko! ko!

"Mayai gani haya yanalia ko?"

Akapiga mayowe. Wanyama wakajaa kwa hakimu wao, Kobe. Sheria yao ilikuwa hivi: mshitaki alitaje jina halisi la mkosaji kwa kosa lake, jina ambalo mkosaji mwenyewe hawezi kulikana. Jua likifika utosini hajalipata, yeye ndiye anayelipa fidia.

"Fidia yangu ni yale mayai matatu yaliyobaki," akasema Nguchiro, akilamba midomo.

"Mwizi!" akalia Kanga.

"Mwizi huvizia, jirani. Mimi ulinikabidhi mwenyewe."

"Laghai!"

"Laghai hubembeleza. Nilikubembeleza lini?"

Nyani akadakia, "Mzandiki wewe!"

"Mzandiki hujifanya mcha Mungu. Umeniona nikisali?"

"Ayari!" akasema Swala.

"Ayari hujibadili sura. Mimi sura yangu ni hii hii, na uzuri wote huu!"

Wanyama wakacheka. Hata Kobe akacheka, mpumbavu yule. Jua likapanda, likapanda. Kanga akayatazama mayai yake matatu. Akafuta machozi, akakohoa.

"Mzee Kobe, nimemwonea jirani. Kazi hii si yake. Kokoto zimechaguliwa rangi moja, ukubwa mmoja. Zimepashwa moto juani nisishtuke na baridi. Nguchiro akili hiyo aitoe wapi? Huyu ni ayari hasa. Huyu ni Kicheche."

Manyoya ya Nguchiro yakasimama wima.

"Kicheche? Yule anayenuka? Yai na embe hajui kutofautisha! Mtoni nimekwenda mimi! Juani nimezianika mimi! Ayari ni mimi!"



"Haya," akasema Kobe, "jina limepatikana."

Nyani akamshika Nguchiro mkia, akamzungusha, akamrusha ng'ambo ya mto. Pu! Kule hakuna kanga hata mmoja. Mayai matatu yakaanguliwa, vifaranga watatu, wote wana kelele kama mama yao.

Mafunzo yake ni haya: tapeli atavumilia umwite kila jina baya, lakini sifa ya utapeli wake ukimpa mwenzake, atajitaja mwenyewe. Na wewe usimwachie mla mayai mayai.

Hadithi yangu imekoma hapo hapo. Nipisheni nipite. Mwenye shati la kijani, guna sasa, guna mpaka uchoke. Mimi nimetoka, na mlango huu naufunga. Pa!